Sendozi za Njano na Mahindi ya Mzee Kapela

Mahindi yaliyolowa kisha yakakaushwa harakaharaka yana harufu yake. Si ya kuoza, wala si ya kupendeza. Inafanana na ya kitenge kilichoanikwa jioni kikaanuliwa kabla hakijakauka, na ndani yake kuna vumbi la bati. Juzi nilifungua kiroba kimoja katika ukumbi fulani pale Mikumi, harufu hiyo ikanipanda puani, nikabaki nimesimama na uzi wa kiroba mkononi kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Tulikuwa tunagawa chakula. Nilikwenda kujitolea kama wengine, Jumamosi yangu nzima, kwa sababu rafiki aliniomba na sikuwa na kisingizio. Palikuwa na bango, viti vya plastiki na kijana mwenye kamera. Kila aliyepokea mfuko aliambiwa aunyanyue hadi kifuani, atabasamu, aseme asante. Mama mmoja alisema asante huku ameinamisha uso. Kijana wa kamera akamwambia, "Mama, tuone macho." Akayainua. Tukayapata macho yake.

Baadaye dada mratibu alinipa karatasi. "Wewe umesoma," aliniambia. "Hebu tuandikie kidogo faida ulizopata kwa kujitolea. Kitu cha kugusa moyo." Karatasi ilikuwa na swali moja kwa herufi nzito: Kujitolea kumekupa nini? Chini yake palikuwa na mistari kumi na miwili mitupu.

Sikatai kwamba kujitolea kuna faida. Ninachokataa ni ile mistari kumi na miwili, ambayo tayari inajua nitasema nini: kwamba nimejifunza kushukuru, kwamba moyo wangu umejaa, kwamba anayetoa hupata zaidi kuliko anayepokea. Kama hilo la mwisho ni kweli, basi tunawadhulumu waliopanga foleni, na afadhali tubadilishane nafasi. Mimi niliifanya kazi hii kabla sijamaliza kuota meno ya ukubwani, na jambo la kwanza kubwa nililolifanya lilikuwa kuwanyima chakula watoto wawili. Sikuwanyima kwa uchoyo. Niliwanyima kwa upole.

Nililetwa Kilosa kwa Bibi nikiwa na miaka tisa, mama alipokwenda kusomea uuguzi na baba kazi yake ikimzungusha mikoani. Nilitoka Dar es Salaam na begi la shule, sendozi za njano zenye ua la plastiki juu ya kifungo, na tabia nzuri. Watu wote waliisifu ile tabia. Nilijua kuamkia, nilijua kusema pole, nilijua kushukuru kabla sijakumbushwa. Bibi alikuwa Mkaguru wa Mamboya, alishuka kutoka milimani alipoolewa, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa Mabwerebwere. Na dada zake aliongea Kikaguru, na sisi wengine Kiswahili. Watu wazima walimwita Mama Yona, kwa jina la baba yangu.

Mwaka niliofika ndipo mto ulipoingia mjini. Sikuuona ukiingia, niliona ulichokiacha: matope hadi kwenye vizingiti vya madirisha, mgomba uliolala juu ya paa la mtu, madarasa yetu yakiwa yamejaa magodoro na masufuria. Mahindi ya bondeni yalikuwa yamelala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Msaada ulikuja, ukagawiwa, ukaisha, na njaa ikabaki palepale. Hapo ndipo Bibi na rafiki yake Bi Zuhura, pamoja na wanawake wengine wachache, walipoazima ghala la bati la mfanyabiashara mmoja aliyehama. Ndugu za Bibi waliteremsha mahindi na maharage kutoka Mamboya, ambako mto haufiki. Watu wa Bi Zuhura, waliolima upande wa Kilangali, walileta mpunga waliouokoa. Kila mwenye shamba lililobaki kavu aliombwa sado moja, lile kopo la rangi la lita nne ambalo soko zima hupimia nafaka. Hapakuwa na bango. Palikuwa na turubai, nyungo, sado mbili, na kufuli ambayo funguo zake Bi Zuhura alizifunga kwenye pindo la kanga.

Kazi yangu ilikuwa mahindi yaliyolowa. Nikitoka shule nilivua sendozi zangu nikaziweka juu ya tofali zisichafuke, nikaingia juu ya turubai kwa magoti. Nilitandaza, nikachambua punje nyeusi na zile za kijani zilizoota ukungu, nikafukuza kuku. Vidole vyangu vilinuka harufu ile hadi kwenye wali wa usiku. Niliipenda kazi. Nilijiona mtu mwema, na mtoto anayejiona mtu mwema ni kiumbe wa kuogopwa.

Kilichonisumbua ni Bibi. Siku za kugawa, Jumatano na Jumamosi, alikaa mlangoni kwenye kigoda na sado mbele yake, na kuna watu aliwatukana. Si wote. Wengine aliwapimia kwa ukimya, wengine aliwauliza habari za wagonjwa wao. Lakini akitokea Mzee Kapela, Bibi alibadilika kabisa.

Mzee Kapela alikuwa Mnyamwezi. Baba yake alikuja Kilosa kukata mkonge, na yeye mwenyewe alizeekea kwenye kazi ya reli. Mkewe alikwishafariki, na alikuwa akilea wajukuu wawili, Shija, msichana niliyesoma naye darasa moja, na mdogo wake wa kiume. Mto ulikuwa umemchukulia shamba lote na ukuta mmoja wa nyumba. Alikuja na mfuko wake umekunjwa kwapani kama gazeti, na kabla hajafika mlangoni Bibi alikwishaanza:

"Mmemwona huyu? Mto umebeba mpaka vinu vya watu, yeye ukamwacha. Hata mto unajua kisicholiwa!"

"Uliniacha nije kumaliza mahindi yenu," alijibu Mzee Kapela bila kupunguza mwendo. "Pima, mwizi wewe. Na usisawazishe kwa mkono, nakuona."

"Mnyamwezi, ulitoka Tabora kwenda pwani na mzigo wa watu, ukafika Kilosa ukasahau ulikuwa unakwenda wapi. Unajua hata kuhesabu sado wewe?"

"Na nyie mlikuwa huko juu kwenye mawe mkituchungulia tukipita. Mpaka leo shingo zenu hazijarudi."

Foleni nzima ilicheka. Bibi alijaza sado ikawa na kichuguu juu, akaimimina mfukoni, akajaza tena, huku akisema anampa hayo kwa kuwa kuku wake wameyakataa. Mzee Kapela alijitwika, akaondoka akitukana hadi kona ya barabara.

Mimi nilikuwa nataka kulia. Bibi aliyeniongoza sala kila jioni, Bibi asiyeniruhusu hata kumwita mbuzi mjinga, alikuwa akimdhalilisha mzee asiye na nyumba mbele ya watu. Na wao walicheka! Nilimwuliza usiku ule kwa nini anamchukia yule babu. Alikuwa amechoka, akanijibu, "Wewe mtoto wa mjini, nyamaza uangalie. Utaelewa." Sikuwahi kulipenda jibu hilo, tangu siku ile hadi leo. Nilianza kumwombea Bibi kimyakimya, ili Mungu ampe moyo mwema kama wangu.

Nafasi yangu ikaja Jumamosi moja. Bibi alikuwa amepanda Mamboya tangu asubuhi kufuata maharage. Bi Zuhura alikuwa anagawa, lakini gari la mpunga likafika nyuma ya ghala, akaniita. "Mjukuu, kaa hapa kidogo. Familia moja, sado mbili. Usitoe hadithi, toa mahindi." Nikakaa kwenye kigoda cha Bibi. Miguu yangu haikufika chini vizuri. Nilipima watu wawili, watatu, mkono wangu ukatulia. Nikainua uso, nikamwona Mzee Kapela.

"Yuko wapi mwizi mkuu?" aliuliza kwa sauti ya foleni nzima kusikia. "Amekimbilia milimani na mahindi yetu? Amekuacha wewe kinda la kunguru utulindie makapi?"

Nilisimama. Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu kwa wiki mbili. Nikapiga goti kama mama alivyonifundisha.

"Shikamoo babu," nikasema. "Pole sana, babu. Pole kwa kukosa chakula, na pole kwa nyumba. Mimi nakuonea huruma sana. Chukua tu babu, usione aibu, nitakuongezea na ya wajukuu. Mungu atakusaidia."

Nikajaza sado tatu, zote na vichuguu. Nilipoinua macho nione furaha yake, niliona kwanza kwamba foleni imenyamaza. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alikuwa anatazama pembeni, kama vile nguo imemvuka mzee.

"Marahaba, mjukuu," Mzee Kapela alisema kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo. "Asante sana. Wape wenye shida."

Akaukunja mfuko wake, akaurudisha kwapani, akaondoka. Hakutukana mtu hadi konani.

Nilielewa hivi: upole wangu umemgusa mpaka akaamua kuwaachia wengine. Jioni Bibi aliposhuka na magunia yake nilimkimbilia kumweleza, neno kwa neno, nikiringa. Bibi aliketi juu ya gunia la maharage, taratibu.

"Umemwambia asione aibu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mbele za watu?"

"Ndiyo. Na nikampa tatu."

Bibi hakunipiga. Alimtazama Bi Zuhura, na Bi Zuhura ndiye aliyenieleza, kwa hasira ya mtu anayejilaumu. Wanyamwezi na Wakaguru ni watani, alisema, tangu enzi za misafara ya wapagazi iliyopita chini ya milima yao. Mtani hukutukana nawe humtukana, bila chuki. Mtani huingia kwako akachukua kuku, nawe huna neno. Siku ya msiba wako ndiye anayekuja kukoroga kila kitu mpaka ucheke. Na kinachotoka kwa mtani hakishukuriwi, maana hakikuombwa. Mzee Kapela alikuwa hajaomba chakula hata siku moja katika maisha yake. Alikuwa anakuja kuwaibia Wakaguru, jambo ambalo ni haki yake. Bibi alikuwa anamlindia njia hiyo kila Jumatano na Jumamosi, na mimi kwa maneno machache nilikuwa nimeifunga.

"Sasa umemfanya maskini," Bibi alisema. "Asubuhi alikuwa mtani."

Jumatano hakuja. Jumamosi hakuja. Bibi alikwenda mwenyewe nyumbani kwake, akamtukania mlangoni matusi mazuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akarudi kama aliyemwagiwa maji. "Amenikaribisha," alisema. "Amenipa kigoda. Ameniita mama. Amesema wanashukuru, hawana shida." Mtani akikujibu kwa adabu, amekufungia mlango. Bi Zuhura alijaribu kwa njia nyingine, akamwomba aje awasaidie kumaliza mchele unaoharibika. Akajibiwa kwamba mgongo unamwuma.

Nilimwona Shija kila siku darasani. Wiki ya kwanza alikuwa kimya. Wiki ya pili alilala juu ya dawati kabla ya mapumziko. Nilimfuata nyuma ya vyoo, nikamkuta anatafuna kipande cha papai bichi lililochemshwa na chumvi, nikataka kusema pole, nikaishika kinywani kama punje ya moto.

"Mnakula nini?" nikamwuliza.

"Wewe inakuhusu nini?" Alimeza. "Wewe ndiye uliyemwambia babu yangu ana njaa. Sasa anasema hatuna. Na sisi tukisema tunayo, anasema sisi si watoto wake."

"Mimi nilimwonea huruma."

"Kamwonee huruma bibi yako," akasema Shija, akanisukuma nikakaa kwenye majani. Mdogo wake alikuwa amesimama pale pembeni na papai lake, anatutazama, na magoti yake yalionekana makubwa kuliko mapaja.

Nilirudi nyumbani na swali, na swali hilo ninalo mpaka leo nikiwa na shahada ukutani. Kwa nini asile tu? Wajukuu wanalala njaa kwa ajili ya heshima ya mzee mmoja! Nilimwambia Bibi kwamba kiburi hakiliwi. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Hakiliwi," alisema. "Lakini ndicho kinachomwamsha alfajiri akakande udongo wa ule ukuta. Ukikivunja, hao watoto utawalea wewe?"

Nimekwishapata majibu kadhaa chuoni, yote yanasikika vizuri, na hakuna hata moja ambalo lingekanda udongo. Bado nadhani mzee alikosea. Nadhani pia kwamba mimi nilikosea kabla yake, na kosa langu lilikuwa na mabango mengi zaidi nyuma yake kuliko lake.

"Aliyefunga ndiye afungue," Bibi akaamua. "Utakwenda wewe."

"Nikamtukane mzee?"

"Ukamtanie. Kwanza shikamoo. Utani hauondoi shikamoo. Ukishaitikiwa, unaanza."

Alinifundisha jioni mbili mfululizo pale jikoni. Alinitajia pembe za ndovu, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, Tabora, misafara. Nilikariri kama jedwali la kuzidisha. Bi Zuhura alisikiliza akashika kichwa. "Mama Yona, huyu atakwenda kumsalisha yule mzee," alisema.

Nikajitwika mahindi, sado mbili ndani ya mfuko, nikavaa sendozi zangu za njano ili nionekane mtu wa maana, nikaondoka saa nane mchana. Njia ya kwenda kwa Mzee Kapela ilifuata reli, kisha ikaingia kwenye matope yaliyokauka na kupasukapasuka. Jua lilikuwa linapiga. Sikuwa nimezoea kubeba kichwani, na shingo ilikuwa inaingia ndani kila hatua. Nilipofika nilimkuta mzee amesimama ndani ya shimo la udongo, suruali imekunjwa magotini, anakanyaga. Shija alikuwa anabeba mafinyango na kuyabandika ukutani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu. Karibu. Hujambo? Bibi hajambo?" Kila neno lilikuwa safi, limepigwa pasi.

Nikavuta pumzi. "Nyinyi Wanyamwezi," nikaanza, "mlibeba pembe za ndovu, mkasahau kubeba akili. Mlikula michembe njia nzima, mpaka..."

"Sawa, mjukuu," alisema. "Asante." Akaendelea kukanyaga.

Shija akacheka, kicheko cha kunikata. "Anasoma risala!" alisema. "Mgeni rasmi, tunaomba ukae."

Hapo ndipo kitu kilipopasuka ndani yangu. Shingo iliniuma, jasho limeniingia machoni, mfuko ule ulikuwa bado kichwani kwangu kwa sababu hakuna aliyenitua, na nilikuwa nimeomba msamaha kwa kila njia niliyoijua isipokuwa ile niliyotakiwa kuijua. Nikapiga kelele.

"Basi niteremshe! Kichwa kinaniuma! Babu zako walitoka Tabora mpaka baharini na mizigo ya watu, hawakusema mgongo, hawakusema nini! Wewe toka ghalani mpaka hapa tu umeshindwa, mpaka ubebewe na mtoto wa Kikaguru! Mpagazi gani anabebewa? Nani Mnyamwezi hapa, wewe au mimi?"

Miguu ya Mzee Kapela ikasimama ndani ya udongo. Shija akabaki na finyango mkononi. Nilijua nimemtukana mzee kweli, na hakuna risala ya kuniokoa. Mahindi yalichezacheza juu yangu yakipiga kelele ndogo.

"Shija," mzee alisema polepole. "Umesikia?"

"Nimesikia, babu."

"Kinyani kimeshuka mlimani na mzigo." Alitoka shimoni, miguu imevaa udongo kama viatu vya askari, akanizunguka mara moja akinikagua. Kisha sauti yake yote ikarudi, ile ya foleni nzima. "Nyie mliojificha nyuma ya mawe tukipita, leo mnajifanya wapagazi! Itazame hiyo shingo, imeingia ndani kama ya kobe! Ungefika baharini wewe? Ungefika hapo Kimamba tu ungefia njiani, tungekuzika na mzigo wako!"

Akaushika mfuko, akanitua. Aliufungua, akachota punje, akazinusa.

"Yamelowa haya. Mnatuletea ya kuku. Na maharage yako wapi? Mkaguru analeta mahindi matupu, anataka tutafune kama mbuzi?"

"Maharage yapo ghalani," nikasema. "Njoo uibe mwenyewe. Hayaji kwa miguu."

"Nitakuja! Nitayamaliza!" Kisha akatazama chini. "Na hizo sendozi, vua."

"Babu?"

"Vua. Mtani haachi kitu."

Nikazivua. Shija alikwishaosha miguu kabla sijamaliza kufungua kifungo cha pili.

Nilirudi pekupeku juu ya ardhi ya moto, nikirukaruka kwenye vivuli vya nguzo, unyayo umechomwa na mbigili mara mbili, na sijapata tena kutembea hivyo. Nilikuwa mwepesi. Si kwa sababu nilikuwa nimetoa. Nilikuwa nimeibiwa, na kuibiwa kule kulinifanya niwe na watu Kilosa. Bibi alikuwa amesimama mlangoni. Aliangalia miguu yangu.

"Amechukua?"

"Amechukua mahindi, na sendozi."

"Zote mbili?"

"Zote, Bibi."

Bibi alipiga kigelegele kimoja kifupi, akajifuta macho na ncha ya kanga. "Mwizi mkubwa yule," alisema. Jumamosi yake mwizi alikuwa wa kwanza mlangoni, anadai maharage. Na Jumatatu kabla ya hapo Shija aliingia darasani na sendozi zangu za njano, visigino vimezidi nje, akapita mbele ya dawati langu mara tatu ili nizione vizuri. Nikamwambia miguu yake inafanana na mihogo. Akaniambia yangu imezoea mawe, haihitaji viatu. Ndivyo tulivyoanza kuwa marafiki.

Mzee Kapela alimaliza ukuta, akazeeka, akatangulia. Bibi alimfuata mwaka jana. Siku ya kumzika, jeneza lilipotolewa ndani, tulikuta njia imezibwa. Shija, mwanamke mzima mwenye mtoto mgongoni, alikuwa amesimama katikati ya njia na sado tupu kichwani kama kofia. "Hapiti mtu hapa!" alipiga kelele. "Mwamsheni huyo mwizi! Amelala kabla hajanipimia!" Baba yangu, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu jana yake, alicheka mpaka akakaa chini, na kutoka kwenye kicheko kile ndipo alipopata kulia. Mtu anayejua kufanya hivyo hahitaji kuitwa mfadhili, wala mnufaika.

Kwa hiyo karatasi ya Mikumi nimeijaza. Kujitolea kumekupa nini? Nimeandika: Sikupewa kitu. Nilinyang'anywa sendozi za njano, na aliyezichukua alikuwa na haki. Mistari iliyobaki nimeiacha wazi.

Dada mratibu aliisoma mara mbili. "Mbona haieleweki?"

"Jumamosi ijayo weka kamera chini, nitakueleza."

"Lakini wanaotusaidia wanataka picha."

"Wanipige mimi, nikiwa nimebeba kiroba."

Alicheka akidhani ni mzaha. Si mzaha. Jumamosi nitakwenda, kwa sababu njaa haisubiri sisi tumalize kubishana, na mahindi yaliyolowa lazima mtu ayachambue. Lakini mezani sikai kabla sijajua nani ni nani. Nitamtafuta yule mama aliyeambiwa aonyeshe macho. Nitamwamkia kwanza. Kisha nitamwuliza kwao ni wapi, na watani wake ni kina nani. Kama si mimi, nitamtafutia aliye mtani wake katika ukumbi ule, maana hawakosekani. Na endapo atakuwa wangu, basi ajiandae.

Nitavaa viatu vizuri.